Kenchi za Baba

Jumatatu, 21 Julai

Nimeamka saa kumi na moja na nusu. Baridi kali. Nimesoma nikiwa nimejifunika blanketi mpaka kichwani, vidole tu nje kushika kalamu. Maswali mawili ya nguzo. La kwanza nimepata. La pili, jibu langu na la kitabu hayajuani kabisa.

Zimebaki wiki saba. Mtihani wa marudio chuoni ni tarehe 10 Septemba. Somo moja tu, usanifu wa miundo ya chuma. Nikifeli tena narudia mwaka mzima.

Masomo mengine yote nimefaulu. Hata majitaka nimefaulu. Mtoto wa fundi wa kuchomelea, nimekwenda kufeli chuma.

Baba hajui. Anajua nimekuja likizo. Jana baada ya misa alinishika bega mbele ya katekista. "Huyu ndiye wangu wa chuma, kabakiza mwaka mmoja." Nikaangalia viatu vyangu.

Jumatano, 23 Julai

Mama anajua. Alikuwa anatafuta nguo za kufua kwenye begi langu, akakuta karatasi ya matokeo. Hakupiga kelele. Alirudi kwenye mashine yake ya kufuma sweta za shule, akafuma mkono mzima kabla ya kuniita.

"Utamwambia mwenyewe?"

Nikasema nitamwambia.

"Basi usichelewe. Baba yako hapendi kuwa mtu wa mwisho kujua jambo."

Nimechelewa tayari. Kila siku ninayonyamaza inaongeza uongo juu ya uongo.

Jumamosi, 26 Julai

Nimeshinda karakana. Nilimwambia Baba nataka kuona kazi tu. Alifurahi mpaka akaniazimia kiti kwa jirani, yeye ambaye hana kiti.

Ana kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Kenchi saba za kubeba paa la ghala la Bi Zuhura kule Msanzi. Bi Zuhura ana duka hapa mjini na malori mawili, ananunua mahindi ya wakulima. Kenchi tatu zimeshapandishwa ukutani. Ya nne iko sakafuni.

Baba hachori kwenye karatasi. Anachora sakafuni kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi, kisha analaza vyuma juu ya mistari na kuchomelea. Anapiga mluzi wa nyimbo za kanisani huku cheche zinaruka. Amevaa sweta ya shule ya msingi ambayo Mama alikosea rangi wakaikataa. Mikono yake ina madoadoa ya kuungua, mengine ya kabla sijazaliwa.

Nikapata wazo. Kwenye kitabu kuna jengo la nchi ambayo sijawahi kufika, lenye theluji juu ya paa. Mimi theluji siijui. Kwa nini nisipige hesabu za paa la Baba? Nikapima vyuma vyote. Kutoka ukuta hadi ukuta wa ghala ni mita kumi na mbili. Baba alinishikia futi upande wa pili bila kuuliza ya nini.

Jumapili, 27 Julai

Nimepiga hesabu za uzito. Bati, papi za chuma zinazoshika bati, kenchi yenyewe, na mafundi wawili juu yake. Kurasa sita.

Inabeba. Kila chuma kinabeba, na ziada kidogo.

Nimekaa na hizo karatasi nikicheka peke yangu. Baba ana darasa la saba. Amekadiria kwa jicho, mimi nimetumia mchana mzima, na tumefika palepale. Nilitaka kumkimbilia nimwonyeshe. Nikakumbuka itabidi nieleze kwa nini nasoma likizo.

Jumanne, 29 Julai

Leo upepo. Upepo ndio ulionifelisha. Kwenye mtihani nilihesabu uzito unaokwenda chini tu, nikasahau kwamba upepo unanyanyua paa. Mhadhiri alizungushia ukurasa mzima kalamu nyekundu.

Kwa hiyo leo sikusahau. Ghala la Bi Zuhura lina mlango mkubwa wa kuingizia lori. Mlango ukiwa wazi upepo unaingia na kusukuma bati kwa ndani, na huku nje unalivuta juu. Paa lenyewe jepesi. Basi kila kitu kinageuka. Chuma cha chini cha kenchi, ambacho siku zote kinavutwa, sasa kinasukumwa kutoka ncha zote mbili.

Chuma kinachovutwa hakijali urefu wake. Kinachosukumwa kinajali sana. Kikiwa kirefu na chembamba, kinapinda kando.

Na cha Baba ni kimoja kimoja, mita kumi na mbili, hakuna kinachokishika kando kutoka kenchi moja hadi nyingine.

Nambari niliyopata ni mbaya kiasi kwamba nilidhani nimekosea nukta.

Alhamisi, 31 Julai

Nimerudia mara tatu. Jibu ni lilelile.

Upepo wa leo kutoka milima ya Mbizi umebeba beseni la Mama mpaka kwa jirani. Vumbi kwenye meno. Nilisimama uani nikawaza wapakiaji wamebeba magunia, mlango wa ghala uko wazi, na paa la Baba juu ya vichwa vyao.

Halafu nawaza: wewe ni nani? Ulipata alama thelathini na moja kwenye somo hilihili. Yeye anachomelea tangu kabla hujazaliwa, na hakuna paa lake lililowahi kuanguka. Utamwambia nini?

Naogopa niwe nimekosea. Naogopa zaidi niwe nimepatia.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimemwambia.

Nilikwenda karakana na karatasi zangu. Kenchi ya nne imekamilika, ya tano imeshachorwa. Nikamweleza taratibu, upepo unaingia, paa linanyanyuka, chuma cha chini kinasukumwa. Alisikiliza akiwa ameshika grenda ya kusagia chuma.

"Upepo naujua," alisema. "Nikiwa mdogo niliona bati za shule zikiruka na mbao zake. Ndiyo maana nimezamisha bolti ndefu kwenye zege. Hili halitoki."

"Bolti zitashika, Baba. Paa halitaruka. Ila chuma cha chini kitapinda, kenchi ivunjike ikiwa palepale ukutani."

Akachukua karatasi. Akazigeuza moja moja. Hasomi namba zile, nilijua, lakini alizigeuza zote.

"Kwa hiyo umekuja kunikagua."

"Hapana, Baba."

"Hayo ndiyo mnayofundishwa huko."

Hapo nikaona siwezi kusimama mbele yake nikiwa msomi wa uongo. Nikasema, "Baba, hili ndilo somo nililofeli. Sikuja likizo. Nina mtihani wa marudio Septemba."

Alinirudishia karatasi. Kisha akavaa miwani yake, akanigeuzia mgongo, akawasha mashine.

Jumapili, 3 Agosti

"Shikamoo, Baba." "Marahaba." Basi. Siku nzima.

Kwenda misani alitembea mbele. Hakunishika bega mbele ya mtu yeyote.

Mama anasema nimpe muda. Nimemuuliza kipi kimemuuma, kufeli kwangu au kenchi. Akasema, "Vyote viwili siku moja. Hata ng'ombe humpigi fimbo mbili kwa mpigo."

Jumatatu, 4 Agosti

Sijasoma. Nimepepeta maharage.

Jumatano, 6 Agosti

Mama alinituma nimpelekee Baba chakula, ugali wa ulezi na samaki wa mgebuka. Hakuwepo, kaenda kununua oksijeni. Nikaweka bakuli juu ya meza ya kazi.

Nyuma ya mlango niliona vipande vitatu vya chuma, vya aina ileile ya kenchi. Kifupi cha kama hatua moja. Cha kati. Na kirefu. Kila kimoja kina alama ya chaki, na karibu yake jeki ya lori, na ukuta umechubuka pale alipokuwa anasukumia. Kifupi kimenyooka. Cha kati kimenyooka. Kirefu kimepinda kama upinde.

Alikuwa anavipima. Peke yake, bila kumwambia mtu.

Nilitoka kimya. Njiani nikalia, na sijui hasa nililia nini.

Alhamisi, 7 Agosti

Baba ameongea.

Amenikuta uani asubuhi, akakaa kwenye jiwe la kufulia. Alikuwa na kile kirefu mkononi.

"Nimekisukuma kidogo tu," alisema. "Hata jeki haikulia."

Nikakipokea.

"Mapaa yangu yote ni mita saba, mita nane. Hili la kumi na mbili ni la kwanza. Tangu nipandishe ile kenchi ya kwanza moyo haujatulia. Ukiitazama kutoka chini inacheza kidogo. Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Mafundi wengine wananiuliza mimi."

Kisha akasema, "Na hilo la kufeli. Uliogopa nini?"

Nikasema niliogopa kumwaibisha.

"Mimi mwaka wa kwanza wa ufundi nilichomelea tangi la pikipiki ya bwana mmoja, ikawaka moto yote. Ilibaki taa tu." Alicheka kwa pua. "Aibu ninaijua. Inapita."

Akaniuliza tufanye nini sasa. Tu-fanye. Nikaleta karatasi. Nikachora chuma cha pili kikiunganishwa mgongo kwa mgongo na cha kwanza, na vyuma vya kushikilia vinavyopita kutoka kenchi hadi kenchi, mistari miwili, mpaka kwenye kuta za mwisho. Akasema mchoro wangu hauonyeshi mkono wa fundi utaingilia wapi kuchomelea. Kweli. Haupiti. Tukaubadilisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumekwenda kwa Bi Zuhura, Baba na mimi. Nilidhani ataniacha nje. Alinitanguliza mlangoni.

Bi Zuhura alikuwa dukani anampimia mteja sukari. Mwanamke mfupi, sauti kubwa. Baba akamwambia bila kuzunguka kwamba kenchi alizopandisha hazitoshi, kwamba atazirekebisha bila kudai malipo ya kazi, na kwamba atachelewa.

"Fundi, ungeninyamazia nisingejua."

"Ningejua mimi."

Alikasirika hata hivyo. Mahindi yake yatalala wapi? Wakulima wa Msanzi watauzia wengine. Alisema mengi, na Baba aliyapokea yote amesimama, kofia mkononi. Kisha Bi Zuhura akanigeukia. "Na wewe ndiye uliyegundua?" Nikasema ndiyo. "Nieleze mimi mwenyewe. Nami nina wajukuu watakaocheza mle."

Nikamweleza kwa njiti ya ufagio, nikiisukuma ncha zote mbili mpaka ikapinda. Alielewa haraka kuliko mimi darasani. Akasema ataazima ghala la shemeji yake mpaka Septemba, na kama Septemba itapita, Baba asimwonyeshe sura yake.

Njiani Baba alininunulia soda. Sijanunuliwa soda na Baba tangu darasa la tano.

Jumatano, 20 Agosti

Tuko Msanzi siku ya sita. Nasoma asubuhi kwenye chumba tulichopewa, saa nne nakwenda ghalani. Napima, nashika, naandika alama. Baba juu ya ngazi, mimi chini.

Nimejifunza maungio ambayo darasani niliyakariri tu. Nilikuwa naandika unene wa uchomeleaji kama namba. Baba amenionyesha uchomeleaji mzuri na mbovu, vyote viwili vinang'aa. Aliupiga mbovu nyundo moja, ukaachia kama ganda la yai. "Usiamini kinachong'aa," alisema. Kisha akanipa mashine. Mshono wangu wa kwanza ulikuwa kama kinyesi cha kuku. Alisema hivyohivyo.

Mama amepiga simu. Anauliza nasoma saa ngapi. Ana haki ya kuuliza. Maswali ya nguzo bado yananishinda.

Ijumaa, 5 Septemba

Naandika kwa shida. Jumanne nilikuwa nimeshika chuma cha kushikilia, kenchi ya mwisho, Baba akaweka matone ya kwanza ya kuchomelea. Miwani ya akiba ilikuwa na ufa nikaivua. Nilifumba macho, nilidhani inatosha. Mara mbili tatu sikuwahi kufumba kabla ya mwali wa mashine.

Jioni ikaanza. Kama mtu amenimwagia mchanga wa moto machoni. Siwezi kufumbua, siwezi kufumba. Machozi tu. Baba alijua mara moja. Sijawahi kumsikia ameogopa vile. Tukarudi mjini, zahanati wakanipa dawa, wakasema macho yatapona, nikae gizani siku mbili, nisisome.

Nisisome. Na zilikuwa zimebaki siku nane.

Jumatano nililala chumbani, pazia limefungwa, Mama ameniwekea vipande vya viazi vibichi machoni kama wafanyavyo mafundi. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Nikasikia mlango, kisha kiti kinavutwa. Ni Baba. Ana daftari langu.

Alianza kusoma. Kiingereza cha darasa la saba. Neno kwa neno, kidole kwenye mstari, nilikuwa nakisikia kidole kikikwaruza karatasi. Alama asizozijua alinielezea umbo lake: "Hapa kuna kama kijumba, halafu mbili ndogo juu." Nikamwambia ni kipeuo cha pili. "Haya. Kipeuo." Ukurasa mmoja tulichukua karibu saa nzima.

Alifika mahali akasema, "Bakilingi." Akarudia. "Bakilingi. Hili ndilo lile la kupinda?"

"Ndilo, Baba."

Kidole kikasimama. Nadhani alikuwa analitazama lile neno.

"Kumbe lina jina," alisema.

Alisoma mpaka sauti ikakauka. Alhamisi akafunga karakana akasoma tena. Sura ya nguzo yote. Kwa sababu alisoma polepole vile, kila mstari nilibaki nao muda mrefu, na lile swali la pili lililonishinda tangu Julai, nililiona kosa langu nikiwa nimefumba macho. Nilikuwa nachukua urefu usio wake.

Hakusema pole. Wala mimi sikusema haikuwa kosa lake. Alisoma tu.

Jumanne, 9 Septemba

Mbeya, chuoni. Nimefika jana jioni. Macho mazima, mekundu kidogo. Baba alinisindikiza stendi, akamwambia kondakta nisikae dirishani kwenye jua. Kondakta akacheka. Baba hakucheka.

Sisomi tena leo. Nimefua sweta.

Jumatano, 10 Septemba

Mtihani umekwisha. Maswali matano, chagua manne.

Upepo haukutoka. Hata nusu swali. Nilitafuta kurasa zote nikashikwa na hasira, halafu nikataka kucheka.

Nguzo ilitoka. Maungio yalitoka, nikachora mahali mkono wa fundi utakapoingilia, ingawa hawakuuliza. Swali la nne niliishia katikati, muda ukaisha. Sijui. Kwa kweli sijui.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimefaulu. C.

Nilikuwa nyumbani, nimekaa kizingitini, mtandao unazunguka na kuzunguka. Mama alipiga kigelegele mpaka jirani akatoka. Nilikwenda karakana kwa miguu, sikutaka bodaboda, nilitaka njia iwe ndefu.

Nikamwambia Baba. Aliuliza kama C ni nzuri. Nikasema si nzuri sana, ila inavusha.

"Imevuka au haijavuka?"

"Imevuka."

Akaniinamia, akaweka paji la uso wake juu ya kichwa changu. Ananuka moshi wa chuma. Tulisimama hivyo kidogo. Kisha mteja akaingia na geti lake lililokatika bawaba.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumekwenda Msanzi na Baba. Hakukuwa na kazi. Bati zilimalizika mwishoni mwa Septemba, na Bi Zuhura ameshaanza kuingiza mahindi. Baba alisema anataka kuangalia mfereji wa maji. Mfereji ulikuwa mzima.

Tulikaa ndani, juu ya magunia karibu na ukuta. Wapakiaji walikwenda kula. Mlango mkubwa uliachwa wazi. Saa nane hivi upepo ukapanda, vumbi likaingia, bati zikaanza kulalamika juu yetu. Nilitazama juu. Mistari miwili ya vyuma vya kushikilia, kutoka ukuta hadi ukuta. Nilisikiliza kila kona.

Nilimgeukia Baba nimuulize kama ameusikia ule mlio wa bati upande wa mashariki.

Alikuwa amelala. Mdomo wazi kidogo, mikono juu ya tumbo, kofia imemwangukia begani. Niliichukua nikaishika. Upepo ulivuma karibu saa nzima. Wapakiaji waliporudi niliwaonyesha kwa kidole waanze na upande ule mwingine.